Siku yetu ya kwanza Leuven

Tangu turudi, akina mama mnatuuliza mambo mengi, sokoni, kanisani, hata njiani tukiwa juu ya pikipiki. Wengi hamuulizi habari za masomo. Mnauliza: "Siku ya kwanza mlikula nini? Mlilala wapi? Nani aliwapokea?" Tulipoahidi katika mkutano wa chama kwamba tutaandika, mama mmoja alisema wazi: "Msituandikie majumba tu. Andikeni siku ile yote, hata pale mlipolia." Basi hii ndiyo siku yote.

Tulikuwa wawili, walimu wa sekondari hapa Mahagi, sote tumetoka ISP, sote tuna watoto. Tulipata bursa ya mwaka mmoja ya kusoma mambo ya elimu katika chuo kikuu cha Leuven, nchini Ubelgiji. Mmoja wetu aliacha watoto watatu wakubwa kidogo. Mwingine aliacha mtoto mmoja, msichana wa miaka 4, ambaye siku tuliyoondoka hakulia hata kidogo. Alikaa tu mlangoni, akatupa kisogo. Hatutaandika ni mtoto wa nani kati yetu. Mnaomjua mnamjua.

Habari ya njia ya Bunia tunaiacha, kila mtu hapa ana yake. Viza ilitupeleka Kinshasa, maana mtu wa Mahagi anayekwenda Bulaya huanza kwa kuivuka Kongo nzima kutoka mashariki hadi magharibi, na kule tulikaa wiki tatu kwa shemeji tukingoja karatasi. Ndege iliondoka usiku, asubuhi tukashuka Zaventem, uwanja wa ndege wa Brussels. Ilikuwa katikati ya mwezi wa tisa. Kulikuwa na baridi, lakini baridi ya asubuhi haimtishi mtu aliyezaliwa kwenye milima yetu. Tena tulikuwa na makoti. Mnakumbuka: likelemba ya chama ilitoa dola 60, tukaenda kuyachagua kwenye mitumba ya Paidha, upande wa Uganda. Mfukoni mwa koti moja kulikuwa bado na kikaratasi chenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Pale Zaventem tuliona maandishi ya lugha ile ile kila ukutani. Koti lilikuwa limerudi kwao.

Treni inapita chini ya uwanja wenyewe wa ndege. Unashuka ngazi, unapanda, na baada ya robo saa hivi uko Leuven. Hapo ndipo shida ya kwanza ilipotungoja.

Sisi ni walimu. Kifaransa ndicho kilichotusomesha, ndicho tunachofundishia, na Ubelgiji kwetu, tangu shule ya msingi, ni nchi iliyotuletea Kifaransa. Tulijua kwamba masomo ya Leuven yatakuwa kwa Kiingereza, na mwaka mzima tulikuwa tumekaa usiku na sarufi. Lakini mjini, tulisema, tutajitafutia kwa Kifaransa. Tukamsalimu mwanamume mmoja nje ya kituo, "Bonjour, monsieur," tukamwuliza njia. Alitusikiliza kwa adabu, akajibu kwa Kiingereza. Tukamwuliza mama mmoja mwenye mtoto kwenye kigari. Naye Kiingereza. Tukaangalia juu: majina ya barabara, mabango ya maduka, saa za mabasi, hakuna neno moja la Kifaransa.

Ubelgiji ina lugha tatu za serikali: Kiholanzi kaskazini, Kifaransa kusini, na Kijerumani katika sehemu ndogo ya mashariki. Leuven iko upande wa Kiholanzi. Zamani chuo chake kilifundisha kwa Kiholanzi na kwa Kifaransa, lakini watu wa kaskazini walikuwa wamechoka kuona lugha yao ikidharauliwa na wakubwa wanaosema Kifaransa, na mwaka 1968 ugomvi ukawa mkali hata serikali ya nchi ikaanguka. Chuo kikagawanywa viwili. Wa Kifaransa wakahama, wakajengewa mji mpya unaoitwa Louvain-la-Neuve. Hata vitabu vya maktaba viligawanywa: namba 1, 3, 5 upande mmoja, namba 2, 4, 6 upande mwingine, kama ndugu wanaogawana sahani za marehemu mama yao.

Hayo tulielezwa baadaye. Siku ile tulijua tu kwamba Kifaransa chetu cha ISP kilibaki mfukoni kama franka za Kongo. Na ile sarufi ya Kiingereza, yote ilikimbia. Kilichobaki kinywani ni Kiingereza cha soko la Paidha: bei gani, punguza kidogo, choo kiko wapi, tunatafuta nyumba. Kilitosha. Tulifika kwa hicho.

Tukiwa tunavuta masanduku, mmoja wetu akakumbuka jambo tunalofundisha darasani bila kulifikiria. Mpaka unaotutenga na Goli na Paidha ulipatanwa Brussels, mwezi wa tano mwaka 1910, kati ya Waingereza na Wabelgiji. Ukanda wa Mahagi ukabaki Kongo. Waalur, watoto wa babu mmoja, wakakatwa katikati. Hawa wakasomeshwa Kiingereza, hawa Kifaransa. Na sasa sisi tumekuja mpaka kwenye nchi ile ile mpaka wetu ulikokatiwa, tunaomba njia kwa lugha ya ndugu zetu wa upande wa pili. Tulicheka hadi watu wa baisikeli wakatugeukia. Mtu aliyechoka sana hucheka hivyo.

Baisikeli, tusisahau. Pale kituoni zimeegeshwa nyingi kupita kiasi, tukadhani ni soko. Wanafunzi, wazee, mama mwenye watoto wawili kwenye sanduku la mbele, wote wanaendesha, na hawapigi kelele kama waendesha pikipiki wetu. Zinakuja kimya nyuma yako. Mara mbili tulikaribia kugongwa, na mara zote mbili kosa lilikuwa letu, tulikuwa tunatembea katika njia yao.

Barabara moja ndefu iliyonyooka inatoka kituoni hadi kwenye uwanja mkuu wa mji, na pale kuna nyumba ya manispaa iliyojengwa katika karne ya 15, yenye sanamu 236 ukutani kuanzia chini hadi juu. Watalii walikuwa wamesimama wanapiga picha. Sisi tulikuwa tunaangalia chini, kwa sababu gurudumu la sanduku moja lilikuwa limeng'oka kwenye mawe ya barabara. Kwa hiyo msituulize sana habari za sanamu.

Lakini mbele kidogo tulisimama. Ni jumba la zamani la chuo, la mawe ya kijivu. Chuo hiki kilianzishwa mwaka 1425. Mwaka 2025 kimetimiza miaka 600. Katika jumba hilo ndimo maktaba ilimokuwa, na mwezi wa nane mwaka 1914 askari wa Ujerumani waliichoma moto pamoja na sehemu kubwa ya mji. Vitabu zaidi ya 200,000 viliteketea. Baada ya vita ilijengwa maktaba mpya, kwenye uwanja mwingine, kwa michango ya Marekani, hata wanafunzi wa shule walichanga, na majina ya shule zao yamechongwa kwenye mawe ya kuta. Ilifunguliwa mwaka 1928. Mwaka 1940, katika vita vya pili, ikaungua tena. Wakaijenga tena.

Hatukuwa tumepanga kusimama pale muda mrefu. Lakini sisi ni walimu wa Ituri. Tumepokea wanafunzi waliokimbia kutoka Djugu bila daftari hata moja, ambao shule yao imebaki kuta nyeusi. Baadaye, katika majuma yaliyofuata, tulikwenda mara nyingi kuyasoma yale majina kwenye mawe ya maktaba mpya, moja moja. Akina mama, ni likelemba kubwa iliyoandikwa ukutani.

Na kuna mtu wa kwetu aliyepita katika mji huu kabla yetu. Mwaka 1952 alifika Thomas Kanza, mlei wa kwanza wa Kongo kupokewa katika chuo hiki. Alisoma saikolojia na elimu, akamaliza mwaka 1956, na wakati wa uhuru alikuwa waziri katika serikali ya Lumumba. Tulijaribu kuwaza siku yake ya kwanza: kijana, peke yake, bila simu, bila mtu wa kucheka naye kwa ajili ya gurudumu lililong'oka. Dada yake, Sophie, alingoja. Mwaka 1954 chuo cha Leuven kilizaa chuo kingine karibu na Kinshasa, kikakipa jina lake lenyewe kwa Kilatini, Lovanium, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kinshasa. Ni huko Lovanium Sophie Kanza alikopata diploma yake mwaka 1964, mwanamke wa kwanza wa nchi yetu kumaliza chuo kikuu. Miaka miwili baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri. Kaka alivuka bahari, na dada akapata yake siku chuo kilipomfikia nyumbani.

Sasa nyumba. Tulipewa funguo katika ofisi moja, kila mmoja chumba chake kidogo, katika mahali panapoitwa Groot Begijnhof. Ni kijiji ndani ya mji, chenye nyumba karibu 100 za matofali mekundu, vichochoro vya mawe, madirisha madogo, na mto Dijle unapita katikati yake chini ya madaraja mafupi. Hakuna gari ndani. Tulidhani ni monasteri. Sivyo.

Tangu karne ya 13 waliishi hapa wanawake walioitwa mabegini. Hawakuwa masista. Waliahidi kuishi kwa usafi na utii wakiwa humo, lakini mwenye kutaka kuolewa alitoka akaolewa, bila fedheha. Kila mmoja aliweza kuwa na mali yake, hata nyumba yake. Walifanya kazi kwa mikono: kufua na kusokota sufi, kuuguza wagonjwa, kufundisha wasichana. Viongozi waliwachagua wenyewe kati yao. Usiku lango lilifungwa. Katika karne ya 17 walikuwa zaidi ya 300 humu ndani, wajane, wasioolewa, matajiri na maskini, katika nchi ambayo kwa kawaida mwanamke alikuwa chini ya baba, au chini ya mume, au chini ya konventi. Begini wa mwisho duniani, Marcella Pattyn, alifariki mwaka 2013 katika mji mwingine wa Ubelgiji, Kortrijk. Nyumba hizi za Leuven zilikuwa zimechakaa sana chuo kilipozinunua mwaka 1962, kikazitengeneza, na sasa wanakaa humo wanafunzi na walimu wageni. Tangu 1998 UNESCO imeziweka katika orodha ya urithi wa dunia.

Chuo chenyewe kilianza kupokea wasichana mwaka 1920. Hesabuni: karibu miaka 500 wanaume walisoma juu kule, na wanawake hawa, mwendo wa dakika kumi tu kwa miguu, walikuwa wanafua sufi na kujiongoza wenyewe. Tungependa kujua walisema nini juu ya wasomi wale walipokutana kisimani. Tunafikiri tunajua.

Tuliahidi kuwaandikia yote, basi tufike kwenye aibu.

Tulikuwa tumepatana na nyumbani kwamba saa 12 jioni tutapiga simu. Mnajua ninyi mliokuwapo: mwenyekiti alikuja, mama mkwe alikuja, mtoto alivalishwa gauni lake la sikukuu akawekwa kwenye kiti. Saa ya Mahagi na saa ya Leuven katika mwezi wa tisa ni ile ile, haizidi wala haipungui, kwa hiyo tuliona ni jambo rahisi. Saa 11 na nusu tulikuwa tumekwisha oga, tumeweka simu kwenye umeme mezani. Kengele za kanisa zikaanza kulia, si kengele moja, ni nyingi, kama wimbo. Tukatoka nje kusikiliza, hatua tatu tu, tumevaa vikwembe na kandambili. Mlango ukajifunga nyuma yetu.

Milango ya huko haingoji kufungwa. Ukiisukuma inajifunga, na kwa nje haina kitasa cha kuzungusha, ina tundu la ufunguo tu. Funguo zote mbili zilikuwa ndani. Simu zilikuwa ndani. Namba ya mlinzi wa nyumba ilikuwa imeandikwa ndani ya simu.

Tulibisha milango minne. Wanafunzi walikuwa bado hawajafika, masomo yalikuwa hayajaanza. Mlango wa tano alifungua mama mmoja mwenye mvi, ameshika kijiko cha kupikia. Tulimwambia habari yote kwa Kiingereza cha Paidha, naye akajibu kwa Kiholanzi, na hatujui ni nani aliyemwelewa nani. Aliangalia miguu yetu kwenye kandambili. Akatuingiza ndani, akatukalisha, akatupa supu ya viazi na vitunguu majani, kisha ndipo akaenda kwenye simu kutafuta mlinzi. Kwa hiyo, akina mama, jibu la swali lenu ni hilo: siku ya kwanza tulikula supu ya mtu ambaye jina lake tulikuwa hatulijui. Mkate tulioununua na karanga za nyumbani tulivila kesho yake.

Saa ilikuwa ukutani mbele yetu. Saa 12. Saa 12 na nusu. Saa moja. Mmoja wetu alilia pale mezani, machozi yakaingia kwenye supu, na yule mama hakusema kitu, alimwekea tu mkono begani akauacha pale. Mlinzi alifika saa moja na nusu, kijana, akafungua mlango kwa dakika moja, akatuchekea kidogo. Kijana yule ndiye aliyetushauri tuufunge ufunguo kwenye uzi na kuuvaa shingoni. Tuliuvaa hivyo mwaka mzima, na tunawaambia sasa wote wenye watoto watakaokwenda: ufunguo shingoni, na namba za simu kwenye karatasi.

Tulipopiga, jua la Leuven lilikuwa bado liko juu ya mapaa. Hilo lilitudanganya. Macho yalituambia bado ni jioni mapema, na huku Mahagi giza lilikuwa limeingia zaidi ya saa nzima iliyopita. Mwenyekiti ndiye aliyeshika simu. Hakuuliza kwa nini tumechelewa. Aliuliza: "Mmekula?" Nyuma yake tulisikia sauti zenu, mmoja anaomba kusalimia, mwingine anasema salio la intaneti linakwisha. Mtoto alikuwa amelala kwenye kiti na gauni lake la sikukuu. Mama mkwe alitaka kumwamsha, tukakataa. Akatuonyesha tu mguu mmoja uliokuwa unaning'inia, na kiatu. Halafu mtandao ukakatika.

Usiku ule tuliongea hadi saa sita, tumekaa kwenye kitanda kimoja. Mmoja wetu alisema atarudi. Alisema kweli, si maneno ya uchovu. Alikuwa ameanza kuhesabu pesa ya tiketi, nani anaweza kumkopesha, atasema nini kwa wakuu wa shule. Mwingine hakumkatalia. Alisema tu: "Tuamke kwanza." Hatukuwa na hekima zaidi ya hiyo.

Asubuhi, saa 12 na nusu, simu ililia. Nje kwetu ilikuwa giza kabisa, taa za vichochoro zinawaka bado. Kwenye simu ilikuwa ni mchana mweupe, na jogoo. Mtoto mwenyewe ndiye aliyeshika simu, lakini hakutaka kuonyesha uso wake. Alituonyesha mlango. Alituonyesha sufuria ya chai jikoni, miguu ya bibi yake, kuku, ndoo ya maji, kiatu cha jana. Aliielekeza simu juu kwenye jua mpaka kila kitu kikawa cheupe. Kisha tukasikia sauti yake, bila uso: "Huko kwenu bado hawajaamka?"

Tulimwambia ndiyo, bado.

"Basi niwangojee," akasema, akaiweka simu chini kwenye mkeka. Tukabaki tunaangalia bati la nyumba yetu, na misumari yake, hadi salio likaisha.

Tukaoga. Tukavaa makoti ya Paidha. Tukagusa shingoni mara mbili kuhakikisha kwamba funguo zipo, tukafunga mlango, tukaenda kuandikishwa.